Askari Wawili wa Kwemngano

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Yohana Shemzigwa, juu kabisa kwenye kata ambayo hapa nitaiita Kwemngano. Jina halisi la kata nimeliacha, pamoja na la halmashauri niliyoifanyia kazi, kwa sababu waliohusika na mambo haya bado wapo na wajukuu wao wanasoma shule moja. Nilipanda kutoka Lushoto mjini na wastaafu wenzangu watatu kwa gari la kukodi, na tulipofika pale gari linapoishia tulitembea mwendo ambao zamani ningeuita mfupi. Manyunyu yalikuwa yanashuka. Mchungaji alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: alizaliwa hapa, alioa, alijaliwa watoto sita, alikuwa mwenyekiti wa kijiji, kisha diwani kwa kipindi kimoja, na katika uongozi wake kata ilipata kituo cha polisi. Kisha kwaya ikasimama. Nilikuwa benchi la nyuma, magoti yananiuma, nikamtazama mchungaji yule kijana bila kumlaumu. Sentensi ile ningeweza kuiandika mimi. Kwa kweli ya namna ile niliwahi kuiandika, na mshahara nikapokea.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Habari za kwetu nitaziacha, hazina la kuongeza. Nilikuwa nimetoka chuo cha uhazili, najua hati mkato na kupiga chapa bila kutazama vidole, na halmashauri ikanichukua niandike mihtasari ya vikao. Nilipanga chumba kwa Mzee Bakari, mtu wa Tanga aliyehamia mlimani siku nyingi, nyumba ya matofali yenye uwanja mdogo na mpeasi mmoja nyuma ya jiko. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza na dirisha lililotazama mpeasi huo. Kodi ilikuwa ya chumba tu, lakini jioni ya pili Mama Zuhura, mkewe, alibisha mlango akasema, “Agnes, mtu hali peke yake kama mgonjwa. Njoo mkekani.” Tangu hapo nikawa nakula nao: ugali na mnavu, maharage ya nazi pale mtu alipowaletea nazi kutoka chini, viazi vya kuchemsha na chai siku za baridi kali. Mzee Bakari alikuwa mgambo wa halmashauri. Kazi yake ilikuwa geti la mazao kwenye barabara ya kushuka Mombo, kukagua malori ya kabichi na mbao. Alikuwa amevuka hamsini, mrefu, mpole, sare yake anaipiga pasi mwenyewe kwa sababu mkewe, alisema, hajui mstari wa suruali unaanzia wapi.

Vikao vya bajeti vilianza wakati wa baridi. Ukumbi wetu ulikuwa wa zamani, dari limechorwa ramani na maji ya mvua, meza ndefu zimefunikwa kitambaa cha kijani, vioo vya madirisha vimeingia ukungu hata huoni nje. Mimi nilikaa kwenye meza ndogo pembeni ya Mwenyekiti. Madiwani wa kata za mbali, kama wale wa upande wa Mtae, walikuwa wameondoka kwao alfajiri, kwa hiyo saa nne ilipoletwa chai ya maziwa na maandazi, walikula kimya kama watu wanaofanya kazi. Mzee Yohana alikuwa mmoja wao. Nilimjua kwa viatu vyake: kila kikao alisimama kwanza nje ya mlango akavikwangua tope kwa kijiti, taratibu, huku wengine wakimpita.

Kwa miaka miwili alikuwa anaomba kitu kimoja, kituo cha polisi Kwemngano. Mkuu wa polisi wa wilaya, aliyealikwa kwenye kamati ya fedha mwaka ule, alimjibu kwa ustaarabu. “Mimi askari wawili naweza kuwaomba nikapewa. Lakini askari ana mke, ana godoro. Nikimpeleka huko atalala wapi? Nipeni nyumba na chumba cha kazi, nami nitawaleteeni watu.” Akaaga akaondoka. Ndipo ofisa mmoja akatoa pendekezo lililokuwa limeandaliwa: halmashauri ina mgambo kumi na wawili inaowalipa yenyewe, ikibaki na wanne, fungu litakalookolewa litajenga nyumba ya askari Kwemngano. Watakaopunguzwa ni wale waliovuka miaka hamsini. Kamati ikajadili kwa muda mfupi kuliko ilivyojadili ununuzi wa matairi, ikakubali pendekezo liende kwenye baraza. Mwenyekiti akatukumbusha kwamba ya kamati hayatoki nje ya kamati. Aliposema hivyo alinitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni kazini.

Jioni ile Mama Zuhura alikuwa amepika makande. Mzee Bakari alininawisha mikono kwa birika, kama alivyopenda kufanya ingawa nilimkataza, akaniuliza, “Leo wakubwa wamesemaje?”

“Ya kawaida tu, baba. Bajeti.”

“Mwaka jana walisema watatupa makoti ya mvua. Usisahau kuandika makoti.”

Nilicheka, na nikaona jinsi kicheko kilivyotoka vizuri. Wiki tatu zilipita kati ya kamati na baraza. Kwa wiki tatu nilikula mkekani pale, nikasikia habari za Zuhura aliyekuwa anaanza kidato cha kwanza, za madebe ya mahindi yaliyokuwa yanahitajika shuleni kwake, za bati moja linalovuja. Nilijiambia kwamba nimekula kiapo cha kazi. Ni kweli nilikuwa nimekula. Lakini sasa nikiwa mtu mzima naweza kusema pia kwamba nilipenda kujua kitu ambacho wengine hawakijui. Nilikuwa binti mdogo na ilikuwa mara ya kwanza siri kubwa kuwekwa mikononi mwangu, na niliibeba kwa fahari kiasi, kama ninavyoona vijana wanavyobeba simu mpya.

Siku ya baraza ukumbi ulijaa. Diwani wa kata ya mjini alisimama wa kwanza kupinga. Alisema geti bila watu ni barabara tu, malori yatapita usiku na mchana na mapato yataanguka, kisha hata hiyo nyumba ya askari haitajengeka. Mama mmoja wa viti maalumu alipinga kwa sababu nyingine. “Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaleta polisi juu kule. Wa kwanza kukamatwa atakuwa nani? Mwanamke mwenye mzigo wa kuni kutoka msituni. Mwenye msumeno ana pikipiki, yeye hatamwona.” Watu waligonga meza. Mwingine alitaka makalvati ya barabara. Nilikuwa naandika mkono unauma, na nikaanza kuona kwamba pendekezo litaanguka. Sitaficha, nilifurahi. Nilikuwa nawaza mstari wa suruali ya Mzee Bakari.

Ndipo Mzee Yohana akaomba kusema. Hakuwa msemaji. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa juu, polepole, kila neno amelipima kwanza kwa Kishambaa.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi sitasema habari ya nyumba. Nitasema habari ya kijana anaitwa Elia. Wakati huo mimi nilikuwa mwenyekiti wa kijiji. Mbuzi wa mtu walipotea, saba. Watu wakasema ni Elia, maana alionekana njiani jioni. Walimtoa kwenye duka alipokuwa ananunua mafuta ya taa. Nikatuma mtu polisi. Kutembea mpaka barabarani, kusubiri gari, kushuka. Askari walifika siku ya pili. Sisi tulikuwa tumeshamaliza.”

“Sisi, Mheshimiwa?” Mwenyekiti aliuliza.

“Sisi. Nilikuwepo. Sikupiga. Niliwaambia waache, mara moja. Mtu mmoja akaniambia, na wewe ni mwizi? Nikanyamaza. Nikarudi nyuma nikasimama kwenye ukuta wa duka mpaka wakachoka. Askari walipokuja wakauliza nani alikuwepo. Kijiji kizima kikasema hatukuona. Na mimi nikasema sikuona. Mbuzi walionekana siku ya tatu, wamevuka bonde, wanakula maharage ya watu. Mama yake tunasali naye kanisa moja. Kama siku ile kungekuwa na mtu mmoja tu mwenye sare, mimi ningesimama nyuma yake. Peke yangu sikuweza. Nimeona niwaambie mna diwani wa namna gani, kisha mpige kura.”

Hakuna aliyegonga meza. Nje mtu alikuwa anapasua kuni za jikoni na tulisikia kila pigo la shoka. Mwenyekiti akasema, “Pole, Mheshimiwa. Tumekusikia,” akarudisha kikao kwenye kifungu. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Yule mama wa viti maalumu alinyoosha mkono kuunga mkono, uso ameuinamisha. Pendekezo likapita kwa tofauti ya mikono mitatu.

Maneno ya Mzee Yohana nilikuwa nayo yote kwenye daftari kwa hati mkato, mpaka yale maharage. Kesho yake nilikaa kwenye mashine ya chapa, nikaweka karatasi na kaboni zake, nikafikiri. Hakuna aliyeniagiza kuficha. Mkuu wangu wa kazi alikuwa safarini. Nilijiambia namlinda mzee wa watu, kwamba karatasi hii itasomwa na wengi, kwamba muhtasari una namna yake ya kuandikwa. Nikapiga: “Mjumbe wa Kwemngano alieleza hali ya usalama katika kata yake na kuunga mkono pendekezo.” Nilipomaliza nilijiona fundi. Nimeshachapa maelfu ya kurasa tangu hapo, na hiyo ndiyo sentensi pekee ninayoikumbuka neno kwa neno.

Barua za mgambo zilitoka kabla ya mwisho wa mwezi. Niliporudi jioni ile Mzee Bakari alikuwa amekaa kwenye kiti cha uani, barua juu ya goti, sare bado amevaa. Mama Zuhura alikuwa jikoni, hakutoka.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Agnes, hii wameipitisha lini?”

“Kwenye baraza. Mwezi huu.”

“Na kwenye kamati?”

“Wiki tatu kabla.”

“Kwa hiyo ulijua.”

“Nilijua, baba. Nilikatazwa kusema.”

Alikunja barua taratibu. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonichosha. “Kutosema ni kazi yako,” alisema. “Hata mimi kuna malori nimeyaona getini sikuyasema nyumbani. Lakini siku zile ungekula chumbani kwako, mwanangu. Ungesema unaumwa. Tungekuletea sahani.”

Kuanzia siku ile nilikula chumbani. Mama Zuhura aliniletea sahani imefunikwa, akaiweka mezani, akasema “Karibu chakula,” akatoka. Alifanya hivyo mpaka nilipohama, miezi miwili baadaye, na hakupunguza hata kijiko. Mzee Bakari alipata kazi ya kulinda ghala Mombo, kwenye joto na mbu, akawa anapanda nyumbani mara moja kwa mwezi. Nilikutana naye mara mbili tatu stendi. Tulisalimiana vizuri.

Nyumba ya askari ilikamilika mwaka ule ule, vyumba viwili na chumba cha kazi mbele, bati jipya. Askari wawili walipelekwa kama ilivyoahidiwa. Siku ya ufunguzi nilipanda na gari la halmashauri, niandike hotuba. Kijiji kilikuwa kimefunga turubai, wanawake wamepika wali na nyama kwenye masufuria makubwa, na wazee wa mahali pale wamevaa makoti yao ya kanisani. Mzee Yohana alinifuata kando nilipokuwa natafuta mahali pa kuweka daftari.

“Onga mshi,” alinisalimu kwa Kishambaa, akijua ninakielewa. Kisha, “Binti, yale niliyosema barazani uliyaandika?”

“Niliandika kwa ufupi, mzee.”

“Ufupi gani?”

Nikamtajia ile sentensi. Aliisikiliza mpaka mwisho, na kwa muda akawa kama anasubiri iendelee. “Basi,” alisema. “Nilikuwa nawaza imeandikwa mahali.” Akaenda kukaa na wageni.

Hotuba zilipokwisha na sahani zilipoanza kupita, nilimwona mwanamke mmoja mwembamba akivuka uwanja. Hakugeuka upande wa turubai. Aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha kazi, ambako askari mmoja, kijana aliyetoka kanda ya ziwa, alikuwa amebaki kulinda vitu vipya. Baada ya kitambo kidogo askari akatokeza mlangoni akaniita, kwa kuwa mimi nilikuwa karibu. “Dada, njoo unisaidie. Mama huyu simwelewi.”

Chumba kilinuka rangi mbichi. Kulikuwa na meza, benchi na daftari kubwa la matukio, jipya, halijaandikwa hata neno. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi ameshika mikono yake mapajani. Nikamwamkia. Nikamuuliza kwa Kishambaa anataka nini.

“Nataka kuandikisha,” alisema. “Mwanangu Elia ameuawa.”

Nikatafsiri. Askari akachukua kalamu haraka. “Lini?”

“Ni mwaka wa tatu sasa.”

Kalamu ikasimama. Kijana alinitazama mimi, akatazama nje walikokuwa wakubwa wake wanakula. “Mwambie pole sana. Lakini jambo la zamani hivyo, si lilishafika wilayani? Mashahidi watapatikana wapi?”

Nilimweleza mama. Hakupandisha sauti. “Wilayani waliandika kwamba hakuna aliyeona. Mimi nilikuwa shambani, sikuona, sikuwa na la kuwaambia. Lakini majina nayajua. Kijiji kizima kinayajua. Sikuwa na nauli ya kushuka kila mara kwenda kuambiwa njoo kesho. Sasa mmekuja ninyi hapa, nami nimekuja.”

Nilikuwa sijamaliza kutafsiri alipoingia Mzee Yohana. Nadhani alimwona mama yule akivuka uwanja kama nilivyomwona mimi. Alisimama kando ya meza, akasema kwa Kiswahili, ili askari amsikie bila mkalimani, “Shahidi ni mimi. Nilisema sikuona. Niliona. Andika jina langu kwanza.”

Yaliyofuata nitayataja kwa pamoja. Wanaume wanne walihama kijiji wiki ile ile. Wawili walikamatwa baadaye wakahukumiwa, wawili sikusikia habari zao tena. Mzee Yohana alikaa mahabusu siku kadhaa, akaachiwa, akapanda kizimbani kama shahidi akasema yote. Uchaguzi uliofuata alishindwa vibaya sana, na kuna nyumba za Kwemngano ambazo hazikumwitikia salamu kwa miaka. Mmoja wa wale askari alihamishwa, na nafasi yake ilikaa wazi muda mrefu. Bajeti ya mwaka uliofuata baraza lilirudi kubishana, safari hii kuhusu kurudisha mgambo getini. Niliandika kikao kile pia. Kwa nusu ya maisha yangu nimeandika vikao vya namna ile, na sijui ni lini hasa niliacha kutegemea kwamba utafika mwaka ambao fungu litawatosha wote.

Lakini mle chumbani, siku ile, askari aliandika. Ilituchukua mchana wote. Mama alisema, mimi nikatafsiri, kijana akaandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa shule, na kila jina lilipotajwa Mzee Yohana alisema “ndiye” au “huyo hakuwepo.” Sikuruka kitu, wala sikutafuta neno la kulainisha. Nje sauti za karamu zilipungua moja baada ya nyingine, watu waliokuwa wanakula wakaanza kuondoka bila kuaga, na dereva wetu akaja mlangoni mara mbili, akanitazama, akarudi garini. Kurasa nne zilijaa. Mama aliweka dole gumba kwenye wino, akalibandika chini ya ukurasa wa mwisho, akalifuta kwenye pindo la kitenge chake.

Akasimama. Mzee Yohana alikuwa bado amesimama pale pale, hakuwa ameketi tangu aingie. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Nilidhani atamtemea mate, na nadhani hata mzee alidhani hivyo, kwa sababu alifumba macho.

“Yohana,” alisema kwa Kishambaa, “hujala tangu asubuhi. Twende nyumbani kwangu ule.”

Wakatoka. Nilisimama mlangoni nikawaona wakishuka njia ya shambani, yeye mbele, mzee nyuma hatua chache, wakapita katikati ya mahindi ya mama yule mpaka kwenye nyumba yake, na mlango ukafungwa.